MKONO HUFUNZWA HATA UKIWA UMETULIA

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, wekeni kalamu chini kwanza. Kila mmoja achukue uzi wa urefu wa shubiri moja, afunge pete au kifungo kwenye ncha yake, kisha aushike juu kwa vidole viwili. Mkono usitikisike. Sasa itazameni pete, mkafikiri tu kuwa inakwenda mbele na kurudi nyuma.

Wengi wenu mtaona pete imeanza kucheza, na hali hamkuisukuma.

Huko Ulaya watu waliliona jambo hili zamani, wakasema pete ina nguvu za siri, wengine wakaitumia kupigia ramli. Mfaransa mmoja, Michel Chevreul, bingwa wa kemia, hakuridhika. Alipoegemeza vidole vyake juu ya kipande cha mti, pete ilisimama. Alipofungwa kitambaa machoni, ilisimama vilevile. Mwaka 1833 alieleza kwamba pete haina uganga wowote: fikira za mwenye kuishika ndizo zinazosogeza misuli yake kidogo kidogo, naye hana habari.

Takriban miaka 100 baadaye, huko Chicago, Marekani, tabibu Edmund Jacobson alipima jambo hilo kwa mashine. Aliwalaza watu, wakatulia kabisa, akawaambia wafikiri kuwa wanakunja mkono wa kulia. Mkono haukuinuka, lakini mashine ilionyesha umeme mdogo sana katika misuli yake. Walipoambiwa wasifikiri hivyo, umeme haukuonekana.

Basi likazuka swali ambalo, kwa maoni yangu, latuhusu sisi hasa. Ikiwa fikira hufika mpaka kwenye misuli, je, zaweza kuufundisha mkono kazi usiyoijua? Mtu aliyeshika jembe tangu utotoni huona haya vidole vyake vikikataa kalamu, na mchana kutwa yuko shambani, hana daftari wala meza.

Jaribio lililojibu vizuri lilitangazwa mwaka 1995 huko Marekani na tabibu Alvaro Pascual-Leone na wenzake. Walichukua watu wasiojua kupiga piano, wakawapa zoezi la vidole vitano, saa mbili kila siku kwa siku tano. Kundi moja lilipiga piano kweli. Kundi la pili lilikaa mbele ya piano bila kusogeza vidole, likiwaza kila kidole kinavyoshuka na kila sauti inavyolia. Kwa chombo cha sumaku kilichowekwa juu ya kichwa, matabibu walipima sehemu ya ubongo inayoamrisha vidole. Katika makundi yote mawili sehemu hiyo ilipanuka.

Lakini msikilize hapa, maana wengine husimulia habari hii nusu tu. Siku ya tano waliowaza walikuwa wamefikia ustadi ambao wenzao waliufikia siku ya tatu. Walikuwa nyuma. Kisha wakapewa piano waipige kweli kwa saa mbili tu, nao wakawafikia wenzao waliopiga siku zote tano.

Sasa, mwalimu wa darasa, andika ubaoni herufi ya leo, polepole, wote waone mkono wako. Wanafunzi, fumbeni macho, muiandike kwa mawazo mara tano: kalamu inaanzia wapi, inapinda wapi, inaishia wapi. Halafu fungueni madaftari.