Kanisa ya Mkunazini na soko ya watumwa

Wazee wetu wanasema: mwacha asili ni mtumwa. Leo tuzungumze juu ya utumwa wenyewe, ule wa minyororo, na juu ya kanisa moja iliyojengwa pale watu walipouzwa. Ni kanisa ya Anglikana, iko mtaa wa Mkunazini katika mji wa Zanzibar. Ni mbali sana na Bibokoboko, lakini historia yake inagusa inchi yetu ya Kongo.

Ukishuka kutoka milimani mpaka Baraka unaona ziwa Tanganyika. Ng'ambo, upande wa Tanzania, kuna Ujiji. Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilitoka pwani, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa na kuingia Manyema kutafuta pembe za ndovu na watu. Waliokamatwa walitembezwa wakiwa wamefungwa shingo. Wengine walikufa njiani, wengine walibakia Ujiji na Tabora, wengine wakafika Unguja. Ni kweli, wengi waliouzwa Mkunazini walitoka pande za ziwa Nyasa, lakini Wamanyema nao walikuwamo.

Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Ilikuwa siku ya soko, na wamama wengi walikuja na vitu vyao vya kuuza. Mara watu wa misafara wakaanza kupiga bunduki. Walikufa karibu watu mia tatu au mia nne, wengi wao wanawake, na wengine walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliyaandika yote. Stanley, aliyemkuta Ujiji mwaka uleule, alipeleka barua zake Ulaya. Waingereza waliposoma, hasira ikapanda, na serikali yao ikamsonga Sultani Barghash. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi mkataba, soko ikafungwa. Kumbe kilio cha wamama wa Nyangwe kilisikilika mpaka Unguja!

Siku ya Noeli ya mwaka huohuo, jiwe la msingi likawekwa palepale. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na mmisionari, na sehemu ingine ilitolewa na mfanyabiashara Muhindi, Jairam Senji. Mwenye kusimamia kazi alikuwa Askofu Edward Steere wa misioni ya UMCA, ndiye huyo aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Dari aliijenga kwa simenti na matumbawe yaliyopondwa, bila boriti za mbao. Watu walisema itaanguka, lakini imesimama mpaka leo. Inasimuliwa kwamba Steere alisafiri kidogo, na aliporudi akakuta waashi wamesimamisha nguzo kadhaa kichwa chini. Akaziacha hivyo. Inasimuliwa pia kwamba saa ya mnara ilitolewa na Sultani Barghash mwenyewe, ambaye alikuwa Mwislamu. Altare iko pale watu wanasema palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Steere alikufa mwaka wa 1882, akazikwa nyuma ya altare hiyo.

Na wale waliokombolewa, ilikuwaje? Mwaka wa 1864 Sultani alimpa Askofu Tozer watoto watano waliokuwa watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka wa 1879. Mwaka wa 1890 Cecil Majaliwa, naye mtumwa wa zamani, akawa padri, Mwafrika wa kwanza katika misioni hiyo. Lakini tusidanganyane: kufunga soko hakukumaliza utumwa. Zanzibar sheria ya kuuondoa ilikuja tu mwaka wa 1897.

Kitu kinachonigusa ni hiki: watu wa Mkunazini hawakufukia historia yao chini ya kanisa. Mwaka wa 1998 ziliwekwa nje sanamu za watu ndani ya shimo, shingoni wana minyororo, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Uswidi. Wageni wanasimama pale kimya.

Na sisi huku? Sisi pia tuna mahali petu pa kilio. Kuna Makobola, mwisho wa 1998. Kuna Gatumba, Agosti 2004. Kila kabila inajua wafu wake, ya wengine inanyamaza. Hatuna uwezo wa kujenga kama Steere, lakini daftari na bic tunazo. Tuandike majina ya waliokufa, wa kwetu na wa jirani, wakati wazee wanaoyajua wangali hai. Wamama wa Nyangwe wanajulikana kwa hesabu tu. Majina yao hakuna aliyeyaandika. Tusiache na wa kwetu wapotee vile.