Asiyeona anasomaje tovuti ya maktaba? Historia ya mlango uliofunguliwa na kufungwa mara nyingi

Leo tunaweka kando seva na hifadhidata, tuzungumze historia kidogo. Kila nikimwambia mteja kwamba tovuti yake lazima isomeke na mtu asiyeona, huniuliza: "Kwani asiyeona anatumia kompyuta vipi?" Ni swali zuri. Nitalijibu kwa kupitia mlango wa maktaba, kwa sababu maktaba ya umma ni mahali palipojengwa kwa ahadi kwamba kila mtu ataingia na kusoma.

Naandika kutoka Chaka, kwenye barabara kuu iendayo Nanyuki. Mtu wa hapa akitaka kitabu cha maktaba ya umma, hupanda matatu hadi Nyeri mjini. Ukiwa huoni, au unatumia kiti cha magurudumu, safari hiyo ina gharama nyingine zaidi ya nauli: nani atakusindikiza, kondakta atakubali kupakia kiti, utapandaje ngazi. Kwa mtu kama huyo, tovuti ya maktaba inaweza kuwa ndiyo maktaba yenyewe. Ikimfungia nje, hana pengine pa kwenda.

Haya, turudi nyuma.

Kabla ya kompyuta

Louis Braille, Mfaransa aliyepoteza macho akiwa mtoto, alichapisha maandishi yake ya nukta mwaka 1829. Hapa Kenya, shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na Kenya Society for the Blind ikaundwa kwa sheria mwaka 1956. Huku kwetu mlimani tunayo shule ya wasioona ya St. Lucy's kule Igoji, Meru, na ya viziwi pale Tumutumu, karibu na Karatina.

Maktaba nazo zilikuwa na historia yao. McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 ikaunda bodi ya Kenya National Library Service, ile tunayoiita KNLS, ili vitabu viwe vya wote. Lakini "wote" walikuwa wenye macho. Kitabu cha breli ni kinene, ghali na adimu. Biblia moja hujaza rafu. Isitoshe, katalogi ilikuwa kadi kwenye droo, na asiyeona hakuweza hata kujua maktaba ina nini bila kusomewa na mtu mwingine.

DOS: mlango unafunguka

Kompyuta za kwanza za mezani zilikuwa na skrini nyeusi yenye herufi tupu. Kwa wengi wetu zilichosha, lakini kwa asiyeona zilikuwa neema. Herufi zilizo kwenye skrini zipo pia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na programu inaweza kuzichukua na kuzitamka kwa sauti. Programu ya namna hiyo tunaiita kisoma skrini.

Mmarekani Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano kabla ya kupofuka katika ajali ya gari mwaka 1978, alitoa kisoma skrini cha JAWS kwa ajili ya DOS mwaka 1989. Enzi hizo katalogi za maktaba kubwa za ng'ambo zilipatikana kwa telnet, mistari ya maandishi na menyu ya namba: bonyeza 1 kutafuta kwa mwandishi, 2 kwa jina la kitabu. Kwa mara ya kwanza asiyeona aliweza kupekua katalogi peke yake.

Windows: mlango unafungwa

Kisha ikaja Windows, na kila kitu kikawa picha na kipanya. Kisoma skrini cha DOS hakikuwa na la kusoma tena, kwa sababu kitufe sasa kilikuwa mchoro. Ilibidi waanze upya. JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995, na bei yake ikawa inakaribia dola 1,000 kwa nakala moja. Hebu fikiria shule ya wasioona ikinunua za darasa zima.

Wavuti: unafunguka, unafungwa tena

Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti mwaka 1989. HTML ya mwanzo ilikuwa maandishi yenye muundo: hiki ni kichwa, hiki ni kiungo, hii ni orodha. Kisoma skrini kinapenda muundo huo, maana mtumiaji anaweza kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine bila kusikiliza ukurasa mzima. Tatizo lilianza pale wabunifu walipotaka ukurasa ufanane na gazeti: menyu ikawa picha, safu zikapangwa kwa majedwali, baadaye zikaja Flash.

Mwaka 1997 shirika la W3C lilianzisha mpango wa WAI, na Mei 1999 ukatoka mwongozo wa kwanza, WCAG 1.0. Kanuni yake ya kwanza ndiyo ninayoirudia kila siku: kila picha iwe na maelezo kwa maandishi, yaani sifa ya alt. Mwaka huohuo Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alishtaki waandaaji wa Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti yao haikusomeka. Alishinda mwaka 2000 na kulipwa dola 20,000 za Australia.

Hapa Kenya tulikuwa na somo letu wenyewe. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika mwaka 2009, intaneti ilikuja kwa setilaiti, polepole, na kwenye saibakafe ulilipa kwa dakika. Wajanja walizima picha ili ukurasa ufunguke haraka. Waliofanya hivyo waliona kile anachokisikia asiyeona: tovuti yenye alt ilisomeka, isiyokuwa nayo ikawa masanduku matupu.

NVDA: bei inaanguka

Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika kisoma skrini kwa lugha ya Python. Mwenzake James Teh, naye asiyeona, akaungana naye. Wakakiita NVDA na kukitoa bure kama programu huria. Huja na sauti ya eSpeak, nayo ni huria, na Kiswahili kimo ndani. Sauti ni ya roboti, ndiyo, lakini ni Kiswahili. Kwa nchi kama yetu jambo hili ni kubwa kuliko simu zote mpya zilizozinduliwa miaka ile. Mwaka 2009 Irene Mbari-Kirika alianzisha shirika la inABLE, lililofungua maabara ya kompyuta katika shule ya msingi ya wasioona ya Thika, na watoto wakaanza kujifunza kwa visoma skrini.

PDF: mlango mpya, kufuli mpya

Wakati huohuo maktaba zilipata programu huria zao. Koha ilitengenezwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. DSpace, ya kuhifadhi tasnifu na makala, ilitolewa na MIT pamoja na HP mwaka 2002. Maktaba nyingi za vyuo vikuu nchini zinatumia hizo mbili.

Sasa angalia kinachotokea. Tasnifu ya zamani inapigwa picha kwenye skana, inahifadhiwa kama PDF, inapakiwa. Mwenye macho anaisoma. Kisoma skrini kinafungua faili na kusema ukurasa ni mtupu, kwa sababu ndani yake hakuna hata herufi moja, kuna picha za karatasi tu. Dawa ni kupitisha faili kwenye programu ya kutambua herufi kabla ya kuipakia. Tesseract hufanya kazi hiyo, ni huria, na Kiswahili inakijua.

Sheria nazo

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari na kutumia lugha ya ishara na breli. Katiba hiyohiyo inaziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Mwaka 2013 ukapitishwa Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa breli, sauti au maandishi ya kielektroniki kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa, bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na kurekebisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Marekani, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2014 kwamba maktaba ya kidijitali ya HathiTrust ilikuwa na haki ya kuwapa vitabu wasioweza kusoma chapa. Mwaka 2022 tukapata kiwango cha taifa, KS 2952, kuhusu ufikivu wa TEHAMA, na mwaka 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ikachukua nafasi ya ile ya 2003.

Kwa hiyo haki ipo. Kilichobaki kiko mikononi mwetu tunaoandika msimbo.

Nilichokikuta majuzi

Juzi nilifungua tovuti ya maktaba moja, jina naliacha, nikafunga macho nikiwa na NVDA. Sanduku la kutafutia halikuwa na lebo. Nikasikia tu kwamba hapa pana nafasi ya kuandika, bila kuambiwa niandike nini. Video ya kukaribisha wageni haikuwa na manukuu, kwa hiyo kiziwi naye ameachwa. Na ukurasa wa Kiswahili ulitangazwa kwenye msimbo kuwa ni Kiingereza, hivyo kisoma skrini kikasoma "maktaba yenu" kama mtalii aliyeshuka ndege jana. Kosa hilo la mwisho linarekebishwa kwa kuandika lang="sw" kwenye mstari wa juu wa ukurasa. Herufi chache tu, na Kiswahili kinasikika kama Kiswahili.

Ukisimamia tovuti ya maktaba, shule au kanisa, fanya haya leo. Chomoa kipanya, kisha jaribu kutafuta kitabu kwa kibodi peke yake. Kuza maandishi mara mbili uone kama ukurasa unavunjika. Pakua NVDA, zima skrini, sikiliza. Fungua PDF tatu na ujaribu kunakili sentensi kutoka kila moja. Isiyonakilika huenda ni picha.

Ukikwama hatua ya pili, usivunjike moyo. Orodhesha ulichokikuta, anza na sanduku la kutafutia, maana asiyeweza kutafuta hana la kusoma. Wiki ijayo nitaonyesha jinsi ya kupitisha PDF mia moja kwenye Tesseract kwa amri moja.