Utaratibu wa Kudai Fidia kwa Kucheleweshewa Ugunduzi wa Saratani ya Utumbo Mpana

Saratani ya utumbo mpana ikigunduliwa ikiwa bado ndani ya ukuta wa utumbo, mara nyingi huondolewa kwa upasuaji. Ikishafika kwenye ini au mapafu, matibabu huwa marefu na uwezekano wa kupona hupungua. Dalili zake, zikiwemo damu kwenye choo, mabadiliko ya muda mrefu ya haja kubwa, kupungua uzito na upungufu wa damu, hufanana na za bawasiri au amiba. Hivyo mgonjwa huweza kurudi kituoni mara kadhaa na kupewa dawa zilezile bila kupewa rufaa ya kipimo cha kolonoskopi.

Si kila ucheleweshaji ni uzembe. Kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara, mdai hupaswa kuthibitisha mambo matatu: kwamba mtoa huduma alikuwa na wajibu kwake; kwamba huduma ilikuwa chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa mtaalamu wa ngazi hiyo; na kwamba upungufu huo ndio uliosababisha madhara.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi. Saratani haikuletwa na daktari. Hivyo mdai huonesha madhara yaliyoongezwa na ucheleweshaji peke yake, kwa mfano ugonjwa kusambaa katika kipindi hicho. Ushahidi wa daktari bingwa asiyehusika na tiba hiyo huwa muhimu sana.

Hatua ya kwanza ni kukusanya kumbukumbu: kadi za kliniki, majibu ya vipimo, barua za rufaa, risiti na tarehe za kila hudhurio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mhusika haki ya kupata taarifa zake.

Malalamiko huwasilishwa kwanza kwa uongozi wa kituo. Yanayohusu mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lina mamlaka ya kinidhamu, ikiwemo kumsimamisha au kumfutia usajili daktari. Fidia, hata hivyo, hupatikana kwa makubaliano ya pande mbili au kwa amri ya mahakama.

Muda ni jambo la kuzingatiwa. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89, inaweka miaka 3 ya kufungua shauri la aina hii, na kulalamika kwenye Baraza si kufungua shauri. Waziri mwenye dhamana ya masuala ya sheria anaweza, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kuongeza muda usiozidi nusu ya ule uliowekwa, akiridhika kuwa ni haki kufanya hivyo. Ni busara mgonjwa asitegemee nafasi hiyo.

Iwapo hospitali ni ya umma, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inamtaka mdai kutoa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 90 kwa taasisi husika, ikieleza msingi wa madai, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri lililofunguliwa bila notisi hiyo huweza kuondolewa mahakamani kabla ya hoja zake kusikilizwa.

Fidia huweza kugusa gharama za matibabu ya ziada, kipato kilichopotea, pamoja na maumivu na mateso. Mgonjwa akifariki dunia, sheria inawaruhusu wategemezi wake, wakiwemo mwenza, watoto na wazazi, kunufaika na madai.

Mwananchi asiyemudu gharama za wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia watoa huduma na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Wakati madai yakiendelea, mgonjwa anapaswa kuendelea na tiba bila kukatiza, kwa kuwa shauri huweza kuchukua muda mrefu na ugonjwa hausubiri hukumu.