Machungwa ya Malindi

Mwanafunzi aingiaye chuoni kujifunza elimu ya lishe hupewa katika siku za mwanzo orodha fupi ya majina: wanga, mafuta, protini, vitamini, madini na maji. Huambiwa kwamba wanga na mafuta huupa mwili nguvu na joto, protini huujenga, na vitamini na madini huulinda, ijapokuwa vitu hivyo viwili hutakiwa kwa kiasi kidogo sana. Labda nawe, msomaji, umekwisha kuikuta orodha hiyo katika masomo yako, ukaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha ukaisahau. Lakini majina hayo hayakupatikana kwa urahisi. Yalinunuliwa kwa maisha ya watu wengi. Natutazame jinsi yalivyonunuliwa, tukianzia hapa kwetu, katika pwani ya Kenya.

Mwezi wa Aprili 1498 merikebu tatu za Wareno, zikiongozwa na Vasco da Gama, zilitia nanga Mombasa. Walipokuwa njiani, mabaharia wengi walishikwa na ugonjwa wa kutisha: mikono na miguu ilivimba, na fizi zikaota juu ya meno hata mtu asiweze kula. Ndio ugonjwa tuuitao kiseyeye. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, na wagonjwa wakapata afya. Mwandishi wa habari za safari ile akaandika kwamba waliponywa na hewa njema ya mji. Angalia jinsi akili ya mwanadamu inavyoweza kupotea njia: tunda lilitenda kazi, na hewa ikapewa sifa.

Kutoka Malindi walivuka hadi Bara Hindi kwa muda usiotimia wiki nne, kwa kuwa walikuwa na rubani aliyeijua bahari na upepo wa kusi ulikuwa nyuma yao. Marejeo yalikuwa mengine kabisa. Waliondoka mapema mwezi wa Oktoba, kabla kaskazi haijashika, jambo ambalo nahodha yeyote wa pwani yetu angaliwakataza. Bahari ikatulia, pepo zikawapinga, na safari ikachukua karibu miezi mitatu. Watu thelathini wakafa, na katika kila merikebu wakabaki watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, Vasco da Gama alituma watu pwani kutafuta machungwa, kwa sababu wagonjwa waliyatamani mno. Sultani aliwapa, lakini kwa wengine msaada ulikuwa umechelewa. Siku chache baadaye waliichoma moto mojawapo ya merikebu zao, kwa kuwa watu wa kuiendesha hawakutosha.

Basi wagonjwa wale waliijua dawa yao kwa hamu ya mwili. Je, kwa nini mabaharia waliendelea kufa kwa kiseyeye miaka mia tatu baada yao? Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu nayo ni mali. Mara kwa mara nahodha huyu au yule aligundua faida ya malimau, lakini hakuna aliyeipima na kuithibitisha mbele ya watu, na kila kizazi kikalazimika kuanza upya.

Tarehe 20 Mei 1747 James Lind, tabibu wa manowari ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, alifungua daftari hilo. Alichagua wagonjwa 12 ambao hali zao zilifanana, akawalaza mahali pamoja na kuwalisha chakula cha namna moja. Kisha akawagawa wawili wawili, na kila wawili wakapata dawa yao: mvinyo wa matofaa, matone ya asidi, siki, maji ya bahari, au dawa iliyosagwa kwa vitunguu saumu na haradali. Wawili wa mwisho walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Baada ya siku sita matunda yakaisha, lakini mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwauguza waliobaki.

Ungedhani kwamba tangu siku hiyo hakuna baharia aliyekufa tena kwa kiseyeye. Sivyo. Lind alitoa kitabu chake mwaka 1753, na serikali yake iliamuru maji ya limau yagawiwe manowarini mwaka 1795, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla. Sababu moja ni kwamba yeye mwenyewe hakujua limau lilikuwa na nini. Alishauri maji yake yapashwe moto kwa muda mrefu ili yawe mazito na yasioze, kumbe moto ule uliharibu kitu kilekile kilichohitajiwa.

Kitu hicho kilianza kueleweka kisiwani Java. Huko watu wengi walikuwa wakifa kwa beriberi, ugonjwa unaoondoa nguvu miguuni na kuudhoofisha moyo. Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi, alitafuta kijidudu kinachouleta. Karibu na mwaka 1890 kuku wa maabara yake walianza kupepesuka na kuanguka kama wagonjwa, kisha baada ya muda wakapona. Ikaonekana kwamba katika siku za ugonjwa walilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya jeshi, hata alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku mchele wa askari. Waliporudishiwa mchele usiokobolewa, walipona. Eijkman alidhani kwanza kwamba wali mweupe una sumu. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyeeleza mwaka 1901 kwamba hapakuwa na sumu yoyote, bali kulikosekana kitu kilichotupwa pamoja na pumba. Mwaka 1912 Casimir Funk aliviita vitu vya namna hiyo vitamini, na mwaka 1932 ile iliyomo katika machungwa, vitamini C, ikatambuliwa.

Afrika nayo iliongeza ukurasa wake. Katika miaka ya 1930 Daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliona watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya ngozi na nywele. Madaktari wengine waliuita ugonjwa huo kwa majina mengine, lakini yeye aliwauliza akina mama. Wakamwambia kwamba ni kwashiorkor, neno la Kiga kwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Watoto hao walilishwa uji wa mahindi mtupu. Wataalamu wa leo husema kwamba upungufu wa protini peke yake hauelezi yote, lakini akina mama wale walikuwa wamekwisha kuonyesha mlango wa kuingilia.

Msomaji, katika habari hizi zote utaona jambo moja: hawa hawakufa kwa kukosa cha kutia tumboni. Baharia alikuwa na biskuti na nyama ya chumvi, mtu wa Java alikuwa na wali, mtoto alikuwa na uji. Kushiba ni jambo moja, na kulishwa ni jingine. Kumbuka hayo uonapo unga mweupe ukisifiwa kwa weupe wake, au sukuma wiki ikichemshwa hata maji yake yakamwagwa, au mapera, yenye vitamini C nyingi kuliko machungwa, yakiachwa yaoze chini ya mti. Na ikiwa siku moja utaketi chuoni ukapewa ile orodha fupi, usiikariri tu. Ipime, iandike, kisha uwafikishie wale wapikao nyumbani kwenu, ukiwasikiliza kwanza, kwa maana huenda nao wana neno ambalo halijaingizwa bado katika daftari.