Kilomita 17 Juu ya Msambweni

Anayeandika historia ya Kwale huanza na upepo, na ana haki ya kufanya hivyo. Bila kaskazi na kusi hakuna Vumba Kuu, hakuna Wasini, hakuna msikiti wa Kongo kule Diani, wala hakuna majahazi yaliyotia nanga Gazi na Vanga. Wenyeji wa mwambao huu waliuhesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo wakajua lini bahari hufungwa na lini shamba hupandwa. Ni elimu kubwa, na waliotuandikia habari zake wamefanya kazi njema. Lakini upepo wanaousimulia ni ule unaojaza tanga. Juu ya foromali historia yetu hunyamaza, na mimi nadai kwamba hunyamaza mapema mno. Anga la pwani hii lina historia yake, yenye miaka na majina, na historia hiyo imefungamana na jambo ambalo hakuna mtu angelitafuta Kwale: mawingu ya ncha za dunia, na leza iliyotumika kuyachunguza.

Mawingu hayo si haya tuyajuayo. Mawingu ya masika yanayogandamana juu ya vilima vya Shimba ni ya tabaka la chini la anga. Yale ya ncha za dunia huelea katika stratosfia, kilomita 15 hadi 25 juu, mahali ambapo hewa ni kavu kiasi kwamba wingu halipaswi kuwapo kabisa. Hutokea tu pale baridi ya kipupwe cha huko inaposhuka hadi kiasi cha nyuzi 78 chini ya sifuri. Mnorwe Carl Størmer aliyapima kimo kwa picha katika miaka ya 1920 na 1930, na kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa pambo la anga tu. Mwaka 1978 setilaiti ya Nimbus-7 ilirushwa ikiwa na chombo kilichoonyesha kwamba yapo kwa wingi. Kisha mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima ozoni Antaktika wakatangaza kwamba tabaka la gesi hiyo linatoboka kila majira ya kuchipua ya huko, na mwaka uliofuata Susan Solomon na wenzake wakatoa hoja kwamba juu ya chembe za mawingu hayo ndiko klorini hufunguliwa ikaila ozoni. Pambo likawa mshukiwa mkuu. Shida ilikuwa namna ya kulihoji, maana hujificha katika usiku wa miezi kadhaa, ambapo chombo kinachotegemea mwanga wa jua hakifai kitu.

Hapo ndipo leza ilipopata kazi yake. Kanuni yake haina fumbo: pigo fupi la mwanga hurushwa juu, sehemu ndogo mno hurudi, na muda uliopita kati ya kwenda na kurudi huonyesha kimo cha kile kilichoupiga. Zaidi ya hapo, tone la mviringo huurudisha mwanga na mtikisiko wake ule ule, ilhali fuwele ya barafu huupindua, kwa hiyo mpimaji aliyeko chini hujua kama wingu ni la majimaji au la barafu bila kuligusa. Leza ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1960. Mwaka 1963 Giorgio Fiocco na Louis Smullin wakatangaza kwamba wameitumia kuona mwangwi wa mwanga kutoka anga la juu. Fiocco alikuwa Mtaliano, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Roma. Ni chuo hicho hicho ambacho Luigi Broglio alikitumia kuanzisha kituo cha San Marco baharini mwa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako setilaiti zilirushwa kuanzia 1967. Mwaka 1988 mambo mawili yalitokea pamoja: Machi 25 setilaiti ya mwisho ya San Marco iliondoka Ngomeni kwenda kupima hewa ya juu kabisa, na kundi la Fiocco lilikuwa na leza katika Ncha ya Kusini likipima mawingu ya stratosfia. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi. Setilaiti za Ngomeni hazikutafuta mawingu ya ncha, na undugu wa chuo si undugu wa sayansi. Ushahidi wenye uzito uko kwingine, nao ni wa zamani zaidi.

Mwaka 1908 Wajerumani Arthur Berson na Hermann Elias waliletwa Afrika Mashariki na kituo cha uchunguzi wa anga cha Lindenberg, wakarusha maputo yenye vipimo katika Ziwa Viktoria na upande wa pwani. Stratosfia yenyewe ilikuwa imetangazwa miaka sita tu kabla yake, kutokana na vipimo vya Ulaya, na wengi wangedhani kwamba hewa ya juu ya ikweta ni ya joto kuliko ya kaskazini mwa dunia. Maputo yalisema kinyume. Juu ya nchi hizi za joto baridi huendelea kuzidi hadi kimo kikubwa kuliko Ulaya, ikapita nyuzi 80 chini ya sifuri. Tena Berson alikuta pepo zitokazo magharibi mahali ambapo elimu ya wakati huo ilitarajia zitoke mashariki. Ilipita nusu karne kabla ya kufahamika kwamba pepo hizo za ikweta hupokezana, mashariki kisha magharibi, kwa mzunguko wa miezi 28 hivi. Na mwaka 1980 James Holton na Hsiu-Chi Tan wakaonyesha kwamba zamu hiyo hufuatana na nguvu za kimbunga cha baridi kinachozunguka ncha ya kaskazini wakati wa kipupwe. Kimbunga hicho kikiwa imara, baridi huzidi, na mawingu huongezeka. Pepo za Berson, kwa maneno mengine, zilikuwa na habari za huko tangu siku zilipopimwa.

Habari kubwa zaidi ni ya maji. Mwaka 1949 Alan Brewer alijiuliza kwa nini stratosfia ya Uingereza ni kavu namna ile, wakati baridi ya hapo haitoshi kuikausha. Jibu lake, ambalo bado limesimama, ni kwamba hewa hiyo haikupandia Ulaya. Ilipanda katika ukanda wa ikweta, ikapita kwenye tabaka lile la baridi kali, kisha ikasambaa polepole kuelekea ncha zote mbili. Tabaka hilo hufanya kazi ya kifumbu: hewa hupenya, maji hubaki nyuma yakiwa barafu. Kiasi kidogo cha mvuke kinachoponyoka, sehemu chache tu katika milioni, huwa ndicho akiba ya mawingu ya Antaktika, pamoja na ule unaozaliwa huko huko juu kutokana na gesi ya methani. Kikizidi, mawingu huanza kufanyika baridi ikiwa haijawa kali sana, kikipungua, huchelewa. Kwa hiyo mtu hawezi kueleza wingu la ncha ya dunia akaacha kueleza anga la ikweta.

Jambo hili halikubaki kwenye karatasi. Kipupwe cha 1996 na 1997, ndege ya Geophysica, chombo cha kijeshi cha Kisovieti kilichogeuzwa kuwa cha utafiti, ilifanya kazi Rovaniemi, Finland, ikiingia ndani ya stratosfia ya ncha ya kaskazini. Februari na Machi 1999, huku kwetu kaskazi ikielekea ukingoni, ndege hiyo hiyo ilikuwa Mahé, Shelisheli. Anayeshika mashariki kutoka Shimoni bila kupinda hufika Mahé baada ya kilomita 1,800 hivi. Latitudo ni moja. Ndege ya pili, Falcon ya Wajerumani, iliruka chini yake ikielekeza leza juu, na kwa mwangwi wa leza hiyo Geophysica ikaongozwa hadi mahali penyewe. Yaliyogunduliwa ni mawingu ya barafu yenye unene wa mita 200 hadi 300 tu, yaliyotanda karibu kilomita 17 juu ya bahari, membamba kiasi kwamba jicho la aliye chini haliwezi kuyaona hata mchana mweupe. Kazi ya ukaushaji aliyoikisia Brewer nusu karne kabla ilikuwa imepata shahidi mwingine, na shahidi huyo alikutwa katika Bahari ya Hindi yetu.

Kuna watakaosema kwamba lango kuu la hewa hiyo liko Pasifiki ya magharibi na Indonesia, si pwani ya Afrika. Ni kweli, na Reginald Newell na Sharon Gould-Stewart walilieleza hilo mwaka 1981. Lakini hewa ya kimo hicho haitulii juu ya nchi moja. Huzunguka dunia pamoja na ukanda wote wa ikweta, na baridi inayokutana nayo njiani ndiyo huamua itabaki na maji kiasi gani. Sidai kwamba Kwale ni lango. Nadai kwamba iko chini ya njia, na kwamba sehemu ya njia hiyo ilianza kupimwa huku Afrika Mashariki kabla ya nchi nyingi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hii ni historia ya wageni waliokuja na vyombo vyao, wakapima, wakaondoka. Berson alikuja katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, na sina sababu ya kulipamba hilo. Hata hivyo mambo hayakukomea hapo. Mkataba wa Montreal wa 1987, wa kulinda tabaka la ozoni, ulisimamiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, chini ya Mmisri Mostafa Tolba, na sekretarieti ya ozoni ingali Gigiri. Kenya iliuridhia mwaka 1988. Maana yake kwa Diani haikuwa ya kinadharia, kwa kuwa klorofluorokaboni ilikuwa ndiyo gesi ya friji na vyumba vya baridi vya dunia nzima, na gesi iliyovuja katika hoteli ya ufukweni au katika ghala la samaki ilipandia ukanda huu huu wa ikweta, ikafika stratosfia ikavunjwa na jua, na klorini yake ikaishia kwenye chembe za mawingu ya Antaktika. Tena tangu miaka ya 1990 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ikishirikiana na Waswisi, imekuwa ikirusha maputo ya ozoni kila wiki kutoka Dagoretti, nayo huvuka tabaka lile lile alilolipima Berson. Vipimo hivyo hutumiwa duniani kukagua kile ambacho setilaiti zinadai kuona, na wanaoyafunga maputo hayo na kuyaachia ni Wakenya.