Injini na Barabara Yake

Wapo wanaoikumbuka historia kwa vita na chaguzi. Sisi tuliokulia Moshi katika miaka ya 1960 tuliikumbuka pia kwa Pasaka, kwa sababu Pasaka ndiyo iliyoleta mashindano ya magari ya Safari. Tuliizunguka redio ya betri tukisikiliza nani kakwama Mbulu, nani kapata ajali Usambara na nani bado anakwenda. Hata leo, ukimtajia mzee wa rika langu mwaka 1966, huenda akakujibu kwanza kwamba huo ndio mwaka Bert Shankland wa Dar es Salaam aliposhinda na Peugeot 404, ndipo akumbuke shule aliyokuwa akisoma.

Majina ya madereva tuliyajua yote. Kazi ya mafundi hatukuifikiria sana. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila gari lililorudi salama kutoka katika matope yale lilikuwa limeundwa na mtu aliyekaa gereji wiki nyingi kabla, akiamua injini yake iwe kali kiasi gani. Swali hilo la mafundi wa zamani lilifika katika ukoo wetu miaka michache iliyopita, nalo likanifanya niitazame upya historia ambayo nilidhani naijua.

Mpwa wangu alirithi kwa marehemu baba yake Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili lenye boneti ndefu, ambalo shemeji yangu alilinunua Nairobi likiwa limekwisha kutumika. Injini ilianza kugonga sehemu ya juu. Fundi alipofungua kifuniko cha valvu akakuta nundu moja ya kemshafti imelika. Katika injini ile kulikuwa na kijibomba chenye vitundu kinachonyunyizia nundu oili, na kitundu kimoja kilikuwa kimeziba. Kemshafti mpya ilikuwa lazima. Fundi akasema njia ziko mbili: kuagiza ya kawaida kama iliyotoka kiwandani, au kuagiza kali ya mashindano kwa bei iliyozidi kidogo. Kijana akanijia jioni ile ile.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja kuomba ushauri, ila nimeshaamua."

"Marahaba. Basi keti unywe chai, maana ushauri hauhitajiki."

Akacheka, akaketi. Mazungumzo yetu yaliendelea kwa wiki mbili.

Kwa msomaji asiyekaa gereji, niieleze kemshafti kwa jambo tunalolijua sisi wa mlimani. Wachaga tangu kabla ya ukoloni walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuteremsha maji kutoka mlimani hadi kwenye vihamba. Kila mfongo una wazee wake wanaopanga zamu: nani afungue maji, saa ngapi, na afunge lini. Kemshafti ni mzee wa zamu ndani ya injini. Ni chuma kirefu chenye nundu, kinachozunguka mara moja kila krenkshafti inapozunguka mara mbili, na kila nundu husukuma valvu ifunguke kwa wakati wake, hewa na petroli viingie au moshi utoke.

Kemshafti ya kawaida hufungua mlango kwa kiasi na kuufunga mapema. Kemshafti kali huiinua valvu juu zaidi, huiacha wazi kwa muda mrefu zaidi, na kwa kitambo huacha valvu ya kuingizia na ya kutolea zote zikiwa wazi. Maji yakija kwa kasi kubwa, mlango uliochelewa kufungwa hulijaza shamba kweli kweli. Yakija polepole, yale yaliyokwisha kuingia hurudi yalikotoka. Ndiyo maana injini yenye kemshafti kali hupumua vizuri ikizunguka kwa kasi, lakini kwenye mizunguko ya chini hukohoa, hutetemeka gari likiwa limesimama, huvuta kwa unyonge na kula petroli. Aidha, haiji peke yake. Hutaka springi ngumu zaidi za valvu, kabureta zilizorekebishwa upya, na mara nyingi eksozi nyingine.

Mpwa wangu si mtu wa kubisha bila hoja, naye alikuja na historia. Alinikumbusha mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland alipokuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda Safari. Gari lake lilikuwa Ford Escort RS1600, lenye kemshafti mbili juu ya injini na valvu nne kwa kila silinda. Halafu akanitajia Toyota Celica Twincam Turbo, lililoshinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Jina lenyewe, alisema, limetaja kemshafti mbili.

"Mjomba, wanaoshinda ni wale wanaothubutu."

Nami nilikwenda nyuma zaidi. Safari ya kwanza ilifanyika mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi walitaka magari yawe kama yalivyouzwa, nao waliyagawa kwa bei ya dukani badala ya ukubwa wa injini. Ulikuwa mtihani wa gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Kemshafti yake ilikaa chini, ubavuni mwa injini, ikisukuma valvu kwa vijiti, kama magari mengi ya familia ya siku zile. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili wa kwanza walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot ile.

Nikamwongezea mwaka 1975. Lancia walileta Stratos, gari lililoundwa kwa ajili ya mashindano tu, lenye injini ya Ferrari na kemshafti nne. Sandro Munari alikuwa wa pili na Björn Waldegård wa tatu. Wa kwanza alikuwa Ove Andersson katika Peugeot 504, yenye kemshafti moja iliyokaa chini vile vile, ndugu ya zile Peugeot za abiria tulizozijua stendi.

Hapo ningeweza kujitangazia ushindi, lakini historia haikuwa upande wangu kiasi hicho. Mikkola alishinda kweli. Ikanibidi niulize alishinda kwa nini, na jibu nililolipata ndilo lililotusaidia sote wawili. Lile halikuwa Escort la mtaani lililotiwa kemshafti. Bodi liliimarishwa, springi na gia zikachaguliwa kwa injini ile, na nyuma yake kulikuwa na kundi la mafundi wenye spea. Hali kadhalika Celica: kemshafti zake mbili ziliinua valvu mbili tu kwa kila silinda, na nguvu zake nyingi zilitoka kwenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa. Hakuna aliyeshinda kwa kubadilisha kemshafti peke yake. Walioshinda, wa kemshafti moja au mbili, walilinganisha injini na njia waliyokusudia kuipita.

Na ushahidi mzuri kuliko wote ulikuwa wa gari lake mwenyewe. Datsun 240Z, lenye silinda sita na kemshafti moja juu inayozungushwa na cheni, lilishinda mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala ambaye jamaa zake walifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka huo wa 1973 Mehta alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, aliyeendesha Datsun 1800 SSS, gari la familia lenye injini ndogo zaidi. Baada ya maelfu ya kilomita, ukubwa ule wa ziada wa injini haukuwatenganisha. Ushindi ulikwenda kwa aliyesafiri mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Kisha nikampa kazi moja. Nilimwomba, kabla injini haijafunguliwa yote, aendeshe wiki nzima kwa uangalifu, na kila safari aandike kwenye karatasi mizunguko aliyoiona kwenye saa ya injini. Fundi alikuwa amesema kemshafti ile kali ingeanza kuonyesha utamu wake kuanzia mizunguko 4,000 kwa dakika. Kila jioni kijana hupanda kutoka mjini, mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari, hadi kwa mama yake, kwenye mita 1,400 hivi. Sehemu ya mwisho ni njia ya udongo kati ya migomba, na masika huteleza kama sabuni. Kule juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Mtu anayepanda pale anahitaji injini inayovuta kuanzia chini.

Karatasi ilirudi imejaa: 2,000, 2,500, 3,000, 3,500. Mara moja tu ilikuwa 5,000, barabara ya Arusha, akilipita lori.

"Lakini mjomba," akasema, "nikiwa na kemshafti ile nitaendesha tofauti."

Hilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyoyasema. Kemshafti kali ingemdai ailishe mizunguko, naye angeilisha kwenye njia yenye watoto wa shule, ng'ombe na akina mama wenye mikungu ya ndizi. Nilimwambia hivyo, nikanyamaza. Gari ni lake.

Dada yangu, aliyekuwa akituandalia chakula, hakuingia katika hesabu zetu. Aliuliza tu kama mlio wa gari ungebadilika. Kijana akajibu ndiyo, ungekuwa mkali zaidi. Dada akasema miaka ishirini alikuwa akiusikia mlio ule ukipanda kilima, akaweka chai jikoni, na mzee alipofika chai ilikuwa tayari. Hakusema zaidi, wala hakumkataza mwanawe.

Kijana aliagiza kemshafti ya kawaida. Fedha iliyobaki alinunulia kijibomba kipya cha oili, cheni na springi za valvu, na fundi akasaga valvu zikae vizuri. Gari likawa linapanda kwa gia ya tatu mahali ambapo zamani lilidai ya pili. Sehemu kubwa ya nguvu aliyokuwa akiitafuta ilikuwemo ndani ya injini ile ile, imepotea kwa uchakavu.

Hata hivyo hakuacha hamu yake, nami sikutaka aiache. Kijana asiye na hamu ya mwendo hawezi kuwa fundi wala dereva. Ameniambia akijaliwa atatafuta gari jingine, bodi tupu, alijenge kwa mashindano kuanzia magurudumu, breki na gia, na kemshafti iwe ya mwisho kuchaguliwa. Nilimjibu kwamba siku hiyo ikifika nitamchangia fedha za kununua iliyo kali.