Maumivu ya Chini ya Kitovu kwa Mwanamke: Sababu na Vipimo Vyake



Maumivu ya nyonga na chini ya kitovu wengi huyaita chango, kisha hutafuta dawa ya chango. Lakini si ugonjwa mmoja. Huweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, maambukizi ya kizazi na mirija, mayoma, kidole tumbo, au mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo ya mwisho huua, hivyo kipimo cha mimba hutangulia, hata kwa anayeona damu. Hufuata kipimo cha mkojo, cha ute wa ukeni, na ultrasaundi.

Kwetu Unguja na Pemba kuna pia kichocho. Mayai yake hukaa kwenye shingo ya kizazi yakaleta maumivu na damu, hata kama mkojo hauonyeshi kitu. Basi dada aliyeolewa mbali, tuseme Tunduma, mkoani Songwe, amweleze daktari wa huko kuwa utotoni alioga mitoni na mabwawani. Asipoeleza, huenda kisifikiriwe.

Kisheria, kusitiri uchi ni wajibu, na dharura huruhusu kwa kiasi chake. Atafutwe daktari mwanamke. Akikosekana, mwanamume, mume au maharimu akiwepo, na pafunuliwe panapohitajika tu.

Maumivu makali ya ghafla, homa au kuzimia: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingojee ruhusa ya mtu.

Wallahu a'lam.